Twanga Kwanza, Chemsha Baadaye

Leo nazungumzia sombe, unga wa muhogo na kitu tulichokisoma sekondari tukakisahau siku ya mtihani: vimeng'enya.

Mwezi uliopita nilikuwa Kigali, Biryogo, kwa shangazi yangu. Biryogo mnaijua, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, pale ambapo chai na chapati haziishi. Shangazi alikuwa ametoka, nami nikataka kumsaidia. Nikakatakata majani ya muhogo kwa kisu, maji yalikuwa yanachemka, nikayatumbukiza. Aliporudi akafunua sufuria, akaniangalia. "Weye mtoto wa sekondari, kinu hukukiona?" Akamwaga chakula chote. Mimi niliona aibu, tena nikaona ni hasara. Baadaye nikakumbuka somo la baiolojia, nikajua alikuwa na haki.

Tuanze na mdomo wako. Chukua tonge la ugali, ulitafune polepole bila kumeza. Baada ya muda utahisi utamu kidogo. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Kimeng'enya si mdudu, hakina uhai. Ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, au ndani ya mmea.

Jani la muhogo nalo lina chake, na mizizi pia. Ndani yake kuna sumu iliyofungwa, inaitwa linamarini. Kimeng'enya cha kuifungua kipo humohumo, ila jani likiwa zima, kila kimoja kiko katika chumba chake na havikutani. Ukitwanga, kuta zinavunjika, vinakutana, na linamarini inakatwa hadi inatoka gesi ya sayanaidi. Gesi hiyo ni sumu, lakini ni vizuri itoke, maana inapaa na kwenda zake. Tatizo ni ile inayobaki imefungwa ndani ya chakula.

Sasa angalia kosa langu. Kimeng'enya hupenda joto kiasi, na kadiri joto linavyopanda, kazi inakwenda haraka. Likizidi, umbo lake linaharibika kama ute wa yai kwenye kikaango, na ute ukishakuwa mweupe haurudi tena. Maji yangu yanayochemka yaliharibu kimeng'enya kabla hakijakutana na sumu, na linamarini yenyewe haiogopi maji ya moto. Kwa hiyo twanga kwanza, laini kabisa, vipande vikubwa havitoshi. Kisha tandaza sombe, iache saa 2 juani au saa 5 kivulini, ioshe, ndipo upike sufuria ikiwa wazi. Mbona jua linapunguza saa? Ni lile joto kiasi.

Bila maji nayo kazi inasimama. Ndiyo maana vipande vya muhogo vilivyokaushwa haraka juani vinaweza kubaki na sumu, kisha vinasagwa na kuuzwa sokoni. Sisi wa kambini hatujui unga ule uliloweshwa siku ngapi. Huko Bandundu, Kongo, barabara nzuri ilipofika, wafanyabiashara wakawa wanataka muhogo upesi, na familia zikapunguza siku za kulowesha. Ugonjwa wa konzo ukafuata. Konzo, kwa lugha ya Wayaka, ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Hushika zaidi watoto na wanawake vijana. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, waliougua walizidi 1,000: muhogo ulikuwa mchungu kuliko kawaida, na wenye njaa hawakuweza kungoja.

Kinga yake inaanza na bakuli. Wanasayansi wa Australia wakiongozwa na Howard Bradbury waliitengeneza njia hii, na akina mama wa Kahemba, kulekule katika uliokuwa mkoa wa Bandundu, wameitumia. Weka unga wa muhogo bakulini, tia alama mahali ulipofika. Ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka au turubai safi, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Maji yameamsha kimeng'enya, na wembamba unaipa gesi njia ya kutoka. Pika siku hiyohiyo, usiweke hadi kesho. Ugali unatoka na ladha nzuri tu, mimi nimeujaribu.

Najua kuna siku chakula ni ugali mtupu. Lakini ukipata maharage au dagaa, hata kidogo, wape watoto kwanza: protini husaidia mwili kuitoa sayanaidi iliyobaki.

Na mtoto aliyekuwa anakimbia jana, leo anatembea kwa ncha za vidole au anaangukaanguka, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya cha kambi sasa hivi, na mweleze muuguzi amekuwa anakula nini wiki hizi.