Mwandikieni Mtoto Aliye Utumeni, na Mwambieni Ukweli

*(Mama mmoja wa upande wa Malaba alizungumza na vikundi vya kujisaidia vilivyokutana kanisani. Tumeyaandika maneno yake karibu kama alivyoyasema. Someni pamoja katika kikundi, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni.)*

Wateso wenzangu, yoga. Waluhya, mulembe. Nanyi mliovuka kutoka ng'ambo, karibuni sana. Hapa kwetu ng'ambo ni kwa jirani tu.

Nimeambiwa niseme juu ya habari za nyumbani na watoto wetu walio utumeni. Mimi si mwalimu. Lakini nina kijana ambaye ni Bruda, na anatumika Turkana, mbele ya Lodwar. Tulimkosea katika jambo hili la habari. Ndiyo maana nimekubali kusimama, ili ninyi msirudie kosa letu.

Sisi watu wa mpakani tunajua kubeba habari. Mama akivuka Busia asubuhi kwenda sokoni upande wa Uganda, jioni kijiji kizima kinajua bei ya maharagwe. Hata neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, wakati watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya mpaka kituo cha Uganda. Madereva wa treila wakilala Malaba usiku mmoja, tunajua mambo ya Mombasa na ya Kigali. Habari za watu wengine tunazo nyingi. Lakini habari ya nyumba yako mwenyewe, kumwandikia mtoto wako aliye mbali, hapo mkono unakuwa mzito.

Zamani wamisionari walitoka Ulaya wakaja kwetu. Mama zao waliwaandikia barua, zikapanda meli, kisha zikapanda treni. Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 1968 kule Moroto, Uganda, si mbali sana na sisi, Askofu Sisto Mazzoldi na Padre Giovanni Marengoni walianzisha shirika la Mitume wa Yesu, shirika la wamisionari Waafrika. Mwaka uliofuata, 1969, Papa Paulo wa Sita alikuja Kampala akawaambia Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ni wamisionari wa Afrika. Basi watoto wetu wakasikia, wakaenda. Wengine wako Sudan Kusini, wengine Kongo, wengine hapa hapa Kenya lakini mahali ambapo mvua ni hadithi.

Sasa jiulize, mtoto huyo anapata nini kutoka nyumbani? Mara nyingi anapata maneno matatu kwenye simu: "Tuma kitu kidogo."

Wacha niwaeleze yaliyotupata.

Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni kutoka Malaba kurudi nyuma kilomita nyingi sana, madereva wakingoja kupimwa. Kila siku redio ilitaja Malaba. Kijana wangu akasikia huko aliko, akapanda kilima mahali ambapo simu inashika, akapiga. "Mama, mko aje? Baba yuko aje?" Nikamwambia, "Tuko salama, mtoto wangu. Baba yuko salama." Siku hiyo ilikuwa kweli. Lakini mwezi wa Novemba mzee akaanguka uani, upande mmoja wa mwili ukafa, na mdomo ukapinda. Kijana akapiga tena. Nikasema vile vile, "Baba yuko salama." Nilijiambia, huyu ana kazi ya Mungu, nimsumbue kwa nini?

Uongo huo mdogo ukazaa mwingine. Januari 2021 shule zikafunguliwa. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameachika, amerudi nyumbani na watoto wawili. Karo inadaiwa, dawa za mzee zinadaiwa, na ile pressa haingoji. Akaja mtu mwenye pesa, akataka nusu eka yetu iliyo kando ya barabara, aifanye maegesho ya treila. Sehemu hiyo mzee alikuwa amemwonyesha Bruda zamani, kabla hajaondoka. Kijana wangu mkubwa akasema, "Mama, yeye ni wa Kanisa. Ardhi ni ya nini kwake? Hana mke, hana mtoto." Maneno hayo yalionekana kuwa na akili. Mzee akakubali kwa kichwa, maana kusema ilikuwa shida.

Mnajua shamba la kilimo haliuzwi hivi hivi. Sheria inataka kibali cha Bodi ya Ardhi. Tulienda. Tukaulizwa kama watoto wote wakubwa wanajua. Nilikuwa nimesimama hapo na kitambaa changu cha kanisa kichwani. Nikasema, "Ndiyo, wanajua."

Ndugu zangu, habari haina mlango. Mwezi wa Aprili dereva wa kwetu alipeleka mahindi Kakuma. Akamkuta Bruda njiani, akamsalimu vizuri, akasema, "Pole kwa ugonjwa wa mzee, na pole kwa lile shamba mliuza." Hakuwa na nia mbaya. Alidhani mwenyewe anajua.

Kijana alinyamaza wiki tatu. Simu hakushika. Halafu ikaja barua ya ukurasa mmoja, imeletwa kwa mkono. Alisema hivi: shamba halikumliza. Kilichomliza ni kwamba kila jioni kwa miezi mitano alimshukuru Mungu kwa afya ya baba yake, kumbe baba yuko kitandani. Akasema, "Mama, mmenifanya niombe kwa habari ya uongo." Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye jiwe la kusagia. Sikuweza kuinuka.

Na juu ya shamba alieleza jambo ambalo hatukujua. Katika sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 668, mtawa kabla ya nadhiri zake za daima lazima aandike wosia unaokubalika pia na sheria ya nchi. Yeye alikuwa anajiandaa kwa nadhiri hizo. Alikuwa amepanga kumwomba baba yake ile nusu eka iandikwe jina la dada yake, huyu aliyerudi na watoto. Sisi tulidhani tunachukua kwa mtu asiye na haja. Kumbe tulichukua kwa binti yetu mwenyewe aliyekuwa analala jikoni kwangu.

Shamba hilo halikurudi. Mkinitembelea mtaona treila zimeegeshwa pale. Binti analima kipande kidogo nyuma ya nyumba, kijana mkubwa amempa. Aliona aibu, na mimi sikumlazimisha.

Lakini jambo moja liliokolewa. Baada ya ile barua, niliketi na mjukuu anayejua kuandika vizuri, tukaandika kurasa nne. Tukaeleza yote: siku baba alipoanguka, daktari alisema nini, pesa ngapi zilitoka, nani anatudai, na kosa langu mbele ya Bodi. Kijana akaonyesha barua kwa mkubwa wake, akapewa ruhusa. Mwezi wa Mei akaja. Akakaa siku tisa. Alimnyoa baba yake ndevu, akamlisha ugali wa muhogo kwa mkono, wakacheka mambo ya zamani.

Mwezi wa Julai mzee akafa. Mnakumbuka kulikuwa na amri katika kaunti zetu 13 za upande huu: mazishi yafanyike ndani ya saa 72. Kijana alikuwa kwenye kituo cha mbali ambako simu haifiki. Habari ilipomfikia, tulikuwa tumeshazika. Lakini hakulalamika. Alisema, "Mama, mimi nilimwaga baba mwezi wa Mei." Kama ningeendelea kusema "yuko salama," mtoto wangu angepata habari ya kaburi tu.

Katika Biblia, kwenye Waraka kwa Wafilipi, sura ya pili, kuna mtu anaitwa Epafrodito. Watu wa Filipi walimtuma kwenda kumsaidia Paulo. Huko akaugua karibu kufa. Watu wa kwao wakasikia, naye akahangaika sana kwa vile wamesikia. Paulo alifanya nini? Hakuficha. Aliandika wazi kwamba ni kweli aliugua sana, na kwamba Mungu amemhurumia, kisha akamrudisha kwao wamwone wafurahi. Tazameni basi, tangu mwanzo Kanisa lilipeleka habari za ugonjwa kwa ukweli, kutoka utumeni kwenda nyumbani. Na sisi tupeleke kutoka nyumbani kwenda utumeni.

Sasa niwape njia tunayotumia siku hizi. Kila mwezi tunaandika barua moja. Simu tunapiga pia, lakini simu inakatika na salio linaisha kabla ya jambo zito. Barua anaisoma mara kumi. Tunapanga hivi:

1. Afya. Kila mtu kwa jina lake. Mgonjwa tunasema anaugua nini, na tangu lini.

2. Shamba na chakula. Mvua imefika au la. Muhogo uko aje. Yeye alikuwa mtoto katika miaka ya 1990 wakati ugonjwa wa kukunja majani ulipotoka upande wa Uganda na kumaliza muhogo wetu. Kwa hiyo nikimwandikia kwamba mbegu mpya imeshika vizuri, anafurahi kuliko mnavyodhani.

3. Pesa na madeni. Tunamwambia hali, lakini hatumwombi. Mtawa ana nadhiri ya ufukara. Pesa iliyo mkononi mwake ni ya utume, si yake. Ukimbana atakuwa mwizi au atakosa usingizi.

4. Mashauri ya familia. Ardhi, mahari, ugomvi, urithi. Aulizwe kabla jambo halijafanyika, asiambiwe baadaye. Na mjue, mwenye shamba akifa bila wosia, Sheria ya Urithi ya Kenya haimtoi mtoto kwa sababu ameenda utawa, wala kwa sababu ni msichana.

5. Furaha. Nani amezaa, ng'ombe gani amezaa, nani ameimba vibaya siku ya Pasaka. Tusimpelekee machozi tu.

Asiyejua kuandika asione haya. Mwite mtoto wa shule, sema yeye aandike. Lakini akimaliza mwambie akusomee tena, maana watoto nao wana tabia ya kupunguza maneno. Weka tarehe juu. Kama kuna mtu anasafiri, mpe. Na barua ikitoka kwake isikae ndani ya mkoba wako. Isomwe kwenye jumuiya, isipokuwa yale ya siri.

Neno la mwisho ni kwa vikundi. Mtasema, mama, hii ni habari ya familia, kikundi kinaingia wapi? Kinaingia hapa. Mimi nilikuwa katika kikundi wakati huo wote. Kila Alhamisi nilitoa shilingi zangu mia moja za mzunguko, nikacheka na wenzangu, nikaenda nyumbani. Sikuwaambia kwamba mzee ameanguka zaidi ya kusema "ana homa." Niliona aibu waseme mama wa Bruda ana madeni. Kumbe siri ile ile niliyomficha mtoto niliwaficha na wao. Kama ningesema, pengine karo ingelipwa kidogo kidogo kutoka mfuko wetu, na mnunuzi wa shamba angekuta mlango umefungwa.

Baada ya mazishi niliwaeleza kina mama. Hawakunicheka. Tukafungua kisanduku cha pili, cha ugonjwa na karo peke yake. Mwanachama anakopa bila riba kwa miezi mitatu, lakini lazima aseme shida yake kwa kinywa chake mbele ya wenzake. Hilo ndilo sharti, na ndilo gumu kuliko kulipa.

Leo usiku ukifika nyumbani, kama una mtoto utumeni, au hata yuko Nairobi tu anatafuta kazi, tafuta karatasi. Anza na jambo lile unaloogopa kumwambia. Mengine yatafuata yenyewe.

Mungu awabariki, na atulindie watoto wetu walio mbali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni habari gani tunazozoea kuwaficha watoto wetu walio mbali? Kwa nini tunaficha?

2. Mama huyu alisema "Ndiyo, wanajua" mbele ya Bodi. Nani aliumia kwa neno hilo?

3. Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kusema shida yake bila kuona aibu? Tufanye nini ili aweze?

4. Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aandike barua moja nyumbani au utumeni. Tukikutana, tuambiane imetusaidia namna gani.