Pesa Ziingie Kwanza, Ndipo Sarafu Itoke

Hotuba kwa wakazi wanaouza sarafu, noti na stempu za ziada na kulipwa kwa simu au mtandaoni



Katika nyumba nyingi za kaunti hii kuna kopo au bahasha iliyosahaulika kabatini. Ndani yake huenda mna senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, au shilingi za kwanza za Kenya huru zilizotolewa mwaka wa 1966 zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Huenda pia mna sarafu ya shilingi 40 ya mwaka wa 2003, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Wapo wanaohifadhi stempu za enzi ambapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Wapo pia waliobaki na noti ya zamani ya shilingi 1,000. Tangu Oktoba 1, 2019 noti hiyo si pesa halali, na anayeweza kuithamini sasa ni mkusanyaji pekee.

Mkusanyaji hufika wakati akajikuta na sarafu tano za aina moja, ilhali albamu yake inahitaji moja tu. Nne za ziada humtafutia karo, dawa, au ile sarafu nyingine aliyoikosa kwa miaka mingi. Zamani aliiuza kwa mwenzake ana kwa ana: huyu anatoa sarafu, yule anatoa pesa, wanapeana mkono na kila mtu anaenda zake. Leo mwenzake yuko Kisumu, Garissa au London, na malipo hupitia simu. Hapo kati ya sarafu kutoka na pesa kuingia ndipo tapeli anapojipenyeza.

Chukulia mfano wa mwalimu mstaafu anayeuza shilingi nne za zamani kwa mtu anayezungumza kama mkusanyaji mwenzake. Mtu huyo anajua miaka, anajua madini, anauliza maswali ya maana. Wanakubaliana shilingi 6,000. Baada ya muda mfupi simu ya mwalimu inalia: "Mwalimu, pesa nimetuma, na mhudumu wa bodaboda yuko hapo nje." Ujumbe upo kwenye simu, una kiasi sahihi na jina la mnunuzi. Mwalimu anaona aibu kumweka mwenzake akisubiri. Anatoa bahasha. Jioni anaenda kutoa pesa kwa wakala na kukuta salio ni lile lile la asubuhi.

Kosa la mwalimu halikuwa kutojua simu. Alimwamini mtu kwa sababu anapenda anachokipenda yeye. Kujua sarafu si kitambulisho cha uaminifu. Ndiyo maana hotuba hii ina neno moja kuu: pesa ziingie kwanza, ndipo sarafu itoke. Mengine yote ni njia za kulitimiza neno hilo.

La kwanza: ujumbe si pesa.

Ujumbe halisi wa M-Pesa huingia ukiwa na jina MPESA mahali pa mtumaji. Ukitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, huo si wa M-Pesa, hata kama maneno yake yamefanana neno kwa neno. Hata hivyo, muuzaji asiishie kwenye kutazama ujumbe. Aangalie salio lake mwenyewe kwa kupiga *334# au kwa kufungua programu ya M-Pesa. Salio likiwa limeongezeka, amelipwa. Lisipoongezeka, hajalipwa, hata mnunuzi akiapa. Picha ya ujumbe wa mnunuzi aliyoituma kutoka kwa simu yake haithibitishi lolote.

Kuangalia salio huchukua muda mfupi mno. Mnunuzi wa kweli hawezi kukasirika kwa hilo. Anayekasirika, anayeharakisha, au anayesema bodaboda inaondoka, ametoa sababu ya kumfanya muuzaji apunguze mwendo. Haraka haraka haina baraka.

La pili: pesa zilizoingia zinaweza kuombwa zirudishwe.

Anayetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi huruhusiwa kuomba zirejeshwe kwa kutuma ujumbe wa muamala huo kwa 456. Huduma hiyo imewaokoa watu wengi waliokosea tarakimu moja. Lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kupokea sarafu, kisha akadai kwamba alikosea nambari.

Kinga ya muuzaji ni ya aina mbili. Kwanza, ahifadhi mazungumzo yote ya mauzo: bei waliyokubaliana, picha za sarafu, jina na nambari ya mnunuzi. Hayo yataonyesha kwamba malipo hayakuwa ya makosa. Pili, anayeuza mara kwa mara anaweza kufungua Pochi la Biashara, ambalo hupatikana kwa kupiga *334#. Pesa za mauzo hukaa humo mbali na pesa za nyumbani, na mteja hawezi kuzirudisha bila muuzaji kukubali. Wenye mauzo makubwa zaidi huchukua nambari ya Lipa na M-Pesa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Wakati mwingine muuzaji hupigiwa simu na kuambiwa, "Nimetuma 9,000 badala ya 6,000, tafadhali nirudishie 3,000." Aliye makini huangalia salio kwanza, kwa kuwa mara nyingi hakuna hata shilingi iliyoingia. Ikiwa kweli pesa zimezidi, amwelekeze mtumaji atumie 456. Asitume yeye mwenyewe, na hasa asitume kwa nambari tofauti na iliyolipa.

La tatu: jina la mlipaji lilingane na jina la mnunuzi.

Tapeli mwerevu halipi kwa pesa zake. Humtafuta mtu wa tatu, humwahidi kumuuzia simu au godoro, kisha humpa nambari ya mwalimu wetu kana kwamba ni yake. Mtu huyo analipa. Mwalimu anaona pesa halisi zimeingia, anatoa sarafu, na tapeli anatoweka nazo. Baadaye aliyelipa anasubiri godoro lisilokuja, na jina analolishika mkononi ni la mwalimu. Mwalimu amepoteza sarafu, na sasa anaitwa mwizi.

Kwa hiyo jina lililo kwenye ujumbe wa M-Pesa lisipolingana na la mnunuzi, muuzaji asimamishe kila kitu. Ampigie mnunuzi na kuuliza ni nani aliyelipa na kwa nini. Ikiwa ni mke, mume au mtoto wake, aliyelipa anaweza kuthibitisha mwenyewe kwa simu kwamba analipia sarafu.

La nne: kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri wala ada.

Hakuna malipo yanayoingia kwa mtu baada ya yeye kutaja nambari yake ya siri. Hakuna mnunuzi anayehitaji tarakimu zilizotumwa kwenye simu ya muuzaji. Wala hakuna mnunuzi wa kweli anayetaka alipwe kwanza ndipo alipe. Wakazi wanahimizwa kujihadhari na mtu anayetangaza kwamba sarafu ya kawaida ina thamani ya mamilioni, kisha akadai "ada ya usajili" au "ada ya ukaguzi" kabla ya kuinunua. Sarafu zilizotengenezwa kwa wingi na kupita mikononi mwa watu wote kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo. Bei hupanda kutokana na uhaba wa sarafu na hali yake nzuri, si kwa umri peke yake.

La tano: mnunuzi akiwa ng'ambo.

Wapo wakusanyaji Uingereza, Marekani na kwingineko wanaotafuta sarafu na stempu za Afrika Mashariki. Wengi wao hulipa kwa PayPal, na pesa zilizo kwenye akaunti ya PayPal nchini Kenya zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Muuzaji ajue mambo matatu.

PayPal ina njia ya malipo ya bidhaa na njia ya kutumiana pesa kati ya jamaa na marafiki. Mauzo yapitie njia ya bidhaa. Ina makato, lakini humlinda mnunuzi ikiwa bidhaa haikufika, na humpa muuzaji nafasi ya kujitetea akiwa na ushahidi kwamba alituma kifurushi kwa anwani iliyo kwenye muamala. Kutumia njia ya marafiki ili kukwepa makato ni kuvunja kanuni za kampuni hiyo.

Jambo la pili, mnunuzi ana hadi siku 180 za kulalamika. Muuzaji asitupe stakabadhi ya posta kabla ya muda huo kwisha.

Jambo la tatu, barua pepe inayosema "pesa zako zimezuiliwa mpaka utume nambari ya kifurushi" isiaminiwe. Muuzaji afungue akaunti yake mwenyewe, bila kubonyeza kiungo kilicho ndani ya barua hiyo, aone kama malipo yapo. Kanuni ni ile ile ya M-Pesa: salio ndilo linalosema kweli.

Kabla ya kutaja bei, muuzaji ahesabu makato ya malipo, gharama ya kubadilisha dola kuwa shilingi, na nauli ya kifurushi. Wawili wakubaliane mapema nani anabeba gharama ipi. Ugomvi mwingi kati ya wakusanyaji hutokana na shilingi mia chache ambazo hazikutajwa mwanzoni.

La sita: sheria ya vitu vya kale.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Sarafu za Mombasa zilizotolewa mwaka wa 1888 na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki zimetangulia mwaka huo. Mwenye kitu cha umri huo awaulize Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kukiuza, na asikitume nje ya nchi bila kibali. Malipo yakishapokelewa kisha kifurushi kikazuiliwa, muuzaji atakuwa na deni kwa mnunuzi na kesi na serikali.

La saba: daftari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila mauzo, muuzaji aandike tarehe, jina la mnunuzi, kitu kilichouzwa, bei, na msimbo wa muamala, yaani zile herufi na tarakimu zinazoanza ujumbe wa M-Pesa. Apige picha pande zote mbili za sarafu, ikiwemo mikwaruzo yake, na kumtumia mnunuzi kabla ya malipo. Mnunuzi akisema baadaye kwamba hakuambiwa kuhusu mkwaruzo, picha itajibu.

Kifurushi kitumwe kwa njia inayotoa stakabadhi: barua ya rejista au EMS ya Posta, au ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Nambari ya stakabadhi atumiwe mnunuzi siku hiyo hiyo. Wanaokutana ana kwa ana wakutane mchana, mahali penye watu, na sarafu ibaki mkononi mwa muuzaji hadi salio libadilike.

Vipi ikiwa mtu ameshatapeliwa? Asinyamaze kwa aibu. Aripoti nambari ya tapeli kwa 333 ikiwa ametumia laini ya Safaricom. Aende kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na ujumbe, mazungumzo na picha, na asiondoke bila nambari ya OB. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018. Kisha awaambie wakusanyaji wenzake. Tapeli anayejua habari za sarafu hatarudi kwa mwalimu yule. Atakwenda kwa mwingine mwenye kopo kama lake.

Wapo watakaosema tahadhari hizi zinaharibu urafiki. Ukweli ni kwamba zinaulinda. Wakusanyaji wawili waliolipana vizuri, kila mmoja akiwa na stakabadhi yake, watauziana tena mwaka ujao. Mwalimu wetu angemwambia mgeni wake, "Subiri kidogo, niangalie salio," rafiki wa kweli angejibu, "Angalia tu, Mwalimu." Tapeli angetafuta kisingizio, na shilingi nne za mwaka wa 1966 zingebaki kwenye bahasha yake.