Bima ya Matibabu kwa Waliojiajiri



Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukutafuta kura peke yake. Tulitaka serikali itakayomjali pia muuza viazi wa Karatina na fundi cherehani wa Nyeri. Leo hao wanaukaribia uzee bila pensheni.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inawapa haki ya afya. Lakini bima mpya ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa alikatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, ilhali aliyejiajiri alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 300 za mwezi, kiwango cha chini kabisa, zikawa 3,600. Shilingi 10 kwa siku hupatikana sokoni. 3,600 kwa siku moja humaliza mtaji.

Kwa hiyo tunadai mchango ufuate majira ya mapato: siku za soko, malipo ya chai na kahawa. Tunadai pia makadirio ya mapato yaelezwe waziwazi, na asiyeridhika asikilizwe.

Nasi makanisani tuanze vikundi vya akiba sasa, kabla ya ugonjwa. Harambee ya kulipia hospitali ni huruma ya jirani. Matibabu ni haki ya raia.