Sendika ni ya wenye kutoa kotizasio
Hotuba ya karani wa mgodi mbele ya wafanyakazi wenzake



Sisi makarani wa mgodi tunataka kusema nanyi juu ya neno moja: nani ni mwenye sendika? Kila mwezi kotizasio inakatwa katika mshahara wa kila mmoja. Sisi ndio tunaoandika majina na franga zilizotoka. Zikiisha kupita mikononi mwetu, hatujui zinalala wapi. Sasa ni miaka mitatu komite haijasoma hesabu mbele ya mkutano, na Jumapili ijayo inaomba tuichague tena kwa kupiga makofi. Sisi wenye kalamu tuliona, tukanyamaza. Kosa hilo ni letu pia.

Kabla ya Jumapili, sikieni habari ya wafanyakazi wengine waliochoka kungoja viongozi wao. Ni wachukuzi wa barua wa posta ya New York, kule Marekani. Mwaka 1970 aliyeanza kazi ile alipata dola 6,176 kwa mwaka. Ilimpasa kufanya miaka 21 ndipo afike dola 8,442. Sheria ilikataza mtumishi wa serikali kugoma, na wakubwa wa sendika yao waliwaambia wavumilie.

Tarehe 17 Machi 1970 wanachama wa Tawi la 36 walipiga kura. Watu 1,555 walitaka kugoma, 1,055 walikataa. Kesho yake kazi ilisimama. Mgomo ukaenea katika miji mingine, hata wakawa watu zaidi ya 200,000. Rais Nixon alituma askari New York wagawanye barua, lakini askari hawakuijua kazi ile. Baada ya siku nane wagomaji walirudi. Walipata nyongeza ya mshahara, na sheria mpya ikawapa haki ya kupatana na serikali juu ya malipo yao. Ile miaka 21 ikawa 8. Vincent Sombrotto, mchukuzi wa barua asiyekuwa na cheo katika sendika, alichaguliwa mkubwa wa tawi lile, na mwaka 1978 mkubwa wa sendika nzima.

Hatuwaambii mgome. Tunawaambia mtazame kura ile: ilihesabiwa, na hata waliokataa waliandikwa.

Kwetu Kongo tulifundishwa mengine. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilikusanya sendika zote kuwa moja, UNTC. Viongozi wakajifunza kutazama juu, kwa mwenye kuwapa cheo, si chini kwa mwenye kutoa kotizasio. Mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ulitangazwa kwisha, na sendika nyingi zikazaliwa. Mlango ulifunguliwa, lakini desturi ya makofi ilibaki ndani ya nyumba.

Basi Jumapili tuombe mambo matatu. Kwanza, hesabu isomwe kabla ya uchaguzi, kwa lugha tunayoisikia sote. Pili, kura iwe ya siri, ihesabiwe mbele yetu. Tatu, delege akienda kuzungumza na wakubwa wa mgodi, arudi kutuambia kabla ya kutia sahihi.

Hatusemi kwamba komite imeiba. Kama hesabu ni safi, kuisoma kutaipa heshima, nasi tutakuwa wa kwanza kuichagua tena. Mtu akitoka shimoni, taa yake inahesabiwa, wala hasemi ametukanwa. Ikiwa taa inahesabiwa, kwa nini franga za watu zisihesabiwe?

Sisi makarani tutaleta daftari letu la makato. Komite ilete lake. Yawekwe juu ya meza moja, yasomwe pamoja.

Msibaki nyumbani siku ile. Asiyekuja amewapa wengine kinywa chake.