Injini ya Kupachika Iliyochoka: Ifufuliwe au Iachwe?



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo moja tu. Mtu amenunua boti iliyokwisha kutumika, na injini ya kupachika iliyo shetrini imechoka. Inawaka kwa taabu, moshi ni mwingi, na mzigo ukizidi kidogo haina nguvu. Fundi ameitazama, akasema dawa yake ni kuifungua yote na kuitia pistoni na ringi mpya. Je, akubali? Fedha inayohitajika huenda ni akiba ya msimu mzima, au ni mkopo. Naye akikosea, hasara humfika mara mbili: kwanza dukani, kisha baharini, siku injini inapozimika ilhali kusi limechachamaa na ufuko uko mbali.

Maoni yetu ni haya: uamuzi huo usitolewe kabla ya kujulikana ni nini kilichochakaa, na ni nini kilichokichakaza. Injini nyingi hufunguliwa na kufungwa tena bila swali la pili kujibiwa, na baada ya miezi michache pistoni mpya huungua kama zile za zamani, kwa sababu ileile.

Tuanze na kuchakaa kwenyewe. Kabla ya kufungua chochote, mtake fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kipimo ambacho mafundi hukiita kompresheni. Plagi zote hutolewa, kaba ya mafuta hufunguliwa wazi, geji hukazwa mahali pa plagi, na kamba ya kuwashia huvutwa idadi ileile ya mara kwa kila silinda. Kazi yote haichukui hata nusu saa. Kila aina ya injini ina kiwango chake katika kitabu cha mtengenezaji, lakini kinachotazamwa kwanza ni tofauti kati ya silinda na silinda. Geji ikionyesha paundi 110 kwa moja na 105 kwa nyingine, silinda hizo zinalingana, na huenda ugonjwa umo katika kabureta, plagi au mafuta machafu. Ikionyesha 110 kwa moja na 75 kwa nyingine, hapo pana jambo. Hata hivyo jambo hilo laweza kuwa gasketi ya kichwa iliyopasuka, au ringi zilizonaswa na masizi, ambazo wakati mwingine husafishika. Fundi anayetaja bei ya pistoni kabla ya kushika geji anakisia, na makisio hayo yanalipwa na wewe.

Iwapo silinda zenyewe zimelika, hilo si mwisho wa injini. Silinda huchongwa upya karakana, kisha hutiwa pistoni kubwa kidogo kuliko za awali, aghalabu kwa milimita 0.25 au 0.50. Adui mkubwa zaidi kwa injini za baharini ni chumvi. Injini hizi hupozwa kwa maji ya bahari yanayopita ndani ya mwili wake wa alumini, na mwenye chombo asipoisuuza kwa maji baridi kila anaporudi, chumvi huganda katika njia hizo na kuula mwili kidogo kidogo. Ndipo boliti hukatika wakati wa kufunguliwa, na kila boliti iliyokatika ni kazi ya kutoboa na kutia uzi upya. Ukiona mwili umelika kwenye njia za maji au kuta za ekzosi, au krenki imeanza kulegea katika beringi zake, jua kwamba pistoni mpya zitakuwa mgeni katika nyumba inayobomoka.

Sababu nazo zina alama zake. Injini iliyokosa maji huacha mikwaruzo kwenye pistoni, nayo huwa ni kazi ya impela ya pampu ya maji, kipuri cha mpira ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara yake. Kwa injini zinazochanganyiwa oili katika petroli, ambazo bado ni nyingi katika pwani yetu, sababu nyingine ni oili pungufu au isiyofaa. Oili ya pikipiki haikutengenezwa kwa injini inayopozwa kwa maji. Tafuteni chupa yenye alama ya TC-W3, na kipimo kifuate kitabu cha injini, si mazoea ya bandarini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta madhara yayo hayo. Tazameni pia oili ya giaboksi iliyo chini ya mguu: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili zilizokwisha.

Sasa hesabu. Tuchukulie, kwa mfano wa kufikirika tu, kwamba injini ya aina hiyohiyo iliyotumika na iliyo nzima inauzwa shilingi 3,000,000. Fundi anataka 1,600,000 kwa vipuri, kuchonga na ufundi. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya boliti, gasketi, impela na mengine yasiyoonekana mpaka injini ifunguke. Mtafika kwenye 2,100,000 na ushei. Na bado mguu, gia na nyaya vimebaki na umri wao. Sisi tungeanza kusita pale gharama, pamoja na nyongeza hiyo, inapopita nusu ya bei ya injini nzima. Hiyo si sheria. Injini ya mtu mwingine nayo ina siri zake, na mwenye kuijua yake tangu mwanzo, akiwa na mwili mzuri usioliwa na chumvi, anaweza kwa haki kulipa zaidi ya nusu.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni kupatana kwa hatua mbili. Kwanza mkubaliane malipo ya kupima na kufungua peke yake, kwa maandishi, na kwamba ukikataa kuendelea utarudishiwa injini na kila kipande chake. Kisha, vipande vikiwa mezani mbele yako, fundi aandike orodha ya vipuri na bei, na ndipo uamue. Hata ukiacha, injini iliyofunguliwa ina mguu, propela na kabureta vinavyouzika. Wengi hulipa yote mapema, na silinda ikikutwa haifai hawana tena nguvu ya kusema basi.

Vipuri vya zamani vidai, uone kweli vimebadilishwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kwamba bidhaa ni mpya, au kwamba ina ubora ambao haina. Kwa hiyo risiti iandike iwapo kipuri ni kipya au kilichotumika, na dhamana ya kazi iandikwe kwa idadi ya miezi. Ahadi ya mdomo hufa siku ya ugomvi.

Injini ikishafungwa, mtengenezaji huagiza kipindi cha kuizoesha. Kwa injini nyingi za oili ya kuchanganya ni saa 10 za mwanzo, kwa oili maradufu ya kawaida na bila kuifungulia mwendo wote. Saa hizo zitumieni karibu na pwani, makasia yakiwa chomboni, na kila safari hakikisheni tundu la maji ya kupozea linatema. Likiacha kutema, zimeni injini hapohapo, hata kama bandari mnaiona.