Kwanza Soma Chupa, Ndipo Upime

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani mbele ya wanafunzi, Siku ya Kukutana)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutengeneza dawa. Nitaanzia pale nilipokosea, katika maabara ya shule hii.

Tulitakiwa kutengeneza robo lita ya mmumunyo wa sodiamu kaboneti wenye molari 0.1. Kanuni niliijua kwa moyo: zidisha molari kwa lita, kisha kwa gramu za moli moja. Nikaandika 0.1 × 0.25 × 106, nikapata gramu 2.65. Nikapima, nikayeyusha kwa maji kidogo, kisha nikajaza maji hadi kwenye alama. Tulipoujaribu, ilitumika zaidi kidogo ya theluthi moja tu ya asidi tuliyotarajia. Nikailaumu asidi!

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa chupa niisome. Ndani mlikuwa na fuwele, kila moli imeshika moli 10 za maji. Moli moja yake ni gramu 286, si 106. Nilipaswa kupima gramu 7.15. Kuzidisha kwangu kulikuwa sahihi, lakini nilihesabu kitu ambacho hakikuwamo chupani.

Vijana, msicheke sana. Dawa ya maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha hutengenezwa kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa kipimo kilichotangazwa na WHO na UNICEF mwaka 2002, lita moja ina milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu, kwa sababu utumbo huzifyonza pamoja, na maji hufuata. Glukosi kavu ni 0.075 × 180, yaani gramu 13.5. Ikiwa imeshika moli moja ya maji, ni 0.075 × 198, yaani gramu 14.85.

Na lita nayo ni sehemu ya hesabu. Mama akiikoroga pakiti ya lita moja katika nusu lita, gramu hazikubadilika, lakini molari imekuwa maradufu, na chumvi iliyozidi yaweza kumdhuru mtoto.

Basi, kabla hamjagusa mizani, ulizeni mambo matatu: molari ngapi, lita ngapi, na chupani mna nini hasa. Mimi nilipoteza alama tu. Mgonjwa atapoteza zaidi.