Kelele Kazini: Kuzoea Si Kinga

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Amalemba, mjini Kakamega. Leo tuangalie masikio ya wale wanaotutafutia riziki: baba anayekata vyuma kwa grainda kule jua kali, kijana anayepasua mbao kwa mashine, na wewe mama unayeendesha mashine ya kusaga mahindi.

Ukiwauliza, wengi watakujibu, "Hiyo kelele nimeshaizoea." Mpendwa msikilizaji, jibu hilo lisikutulize. Ndani kabisa ya sikio mna vijinywele vidogo mno vinavyopokea sauti ili ifike kwenye ubongo. Kelele kali huvichosha, kisha huviua. Vikishakufa havioti tena, na hospitali haina dawa ya kuvirudisha. Anayesema amezoea huenda ameanza kupoteza usikivu, bila maumivu wala usaha.

Mara nyingi wa nyumbani ndio hugundua kwanza. Tazama dalili hizi:

- Anaongeza sauti ya redio kuliko zamani.
- Akitoka kazini anasikia mlio masikioni.
- Anauliza "Umesemaje?" hasa mnapoongea wengi.
- Hasikii vizuri sauti nyembamba za watoto.

Usimwite mwenye kiburi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, aelekezwe mahali pa kupimwa usikivu.

Utajuaje kama kelele ni hatari? Mtu akiwa umbali wa mkono mmoja nawe, na inakubidi upaze sauti ndipo akusikie, hiyo imezidi. Fanyeni hivi:

1. Vaeni vizibo maalum au vifunika masikio muda wote mashine inaponguruma. Pamba haitoshi.
2. Pokezaneni zamu, na mapumziko yawe mbali na mashine.
3. Mashine itiwe grisi na nati zilizolegea zikazwe. Mashine mbovu hupiga kelele zaidi.
4. Usiingie kwenye mashine ya kusaga na mtoto mgongoni. Yeye hawezi kuziba masikio wala kuondoka. Mwache nje na mtu unayemwamini.

Kwa walioajiriwa, sheria ipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Ikizidi desibeli 85, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Kwa hiyo kuomba vifaa vya kinga si utundu, ni haki.

Jioni ya leo, zima redio, umwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Asipoitika, msingoje hadi mwisho wa mwezi, nendeni akapimwe.